Mkalimani wa Bibi Rozalia

Kwa miaka thelathini na tisa, kila Jumapili, Nehemia alisimama hatua moja kushoto kwa mchungaji na kugeuza mahubiri ya Kiswahili kuwa Kiha. Siku nyingine zote alikuwa fundi cherehani sokoni Mwanga, mtu mpole asiyegombana na mteja. Wachungaji waliletwa kutoka mikoa ya mbali, wakahubiri, wakahamishwa. Akina bibi wa mabenchi ya mbele, waliokuja mjini kuwafuata watoto wao, hawakumwelewa hata mmoja wao. Waliyemwelewa ni Nehemia.

Kazi ile aliitolea jasho. Neno "neema" lilimsumbua miaka mingi, mpaka akaacha kulitafutia neno mwenzake, akawa analieleza: mtu ameingia shamba la jirani kuiba mahindi, jirani akamkuta, akamsaidia kubeba. Bibi Rozalia, mjane kutoka kijiji kimoja juu ya Mwandiga, aliposikia mfano huo alicheka, kisha akalia. Baada ya ibada alimshika mkono. "Leo Imana amesema na mimi," alisema. Hivyo ndivyo Waha wanavyomwita Mungu.

Kisha akaja Mchungaji Bariki. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuta vijana wanapungua kila wiki. Barabara ya pili tu kutoka pale, watu walikuwa wamekodi ukumbi na kufunga spika kubwa, na nabii wao aliahidi ndoa, ajira na uponyaji, vyote kabla ya saa saba mchana. Hata Catherine, binti yake Nehemia, alikuwa huko.

Bariki alimwita Nehemia ofisini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mchungaji."

"Mzee, sitazunguka. Mahubiri ya nusu saa, yakipita kwako, yanakuwa saa nzima. Vijana wanachoka, wanatoka nje na simu zao. Akina bibi wenyewe wako kumi na mmoja, na watoto wao wote wanajua Kiswahili."

"Wao hawakijui."

"Tutawapa ibada yao. Saa kumi na mbili asubuhi, Kiha mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitahubiri, wewe utatafsiri."

Nehemia alikubali. Ibada ya Kiha ilifanyika mara mbili. Jumapili ya tatu Bariki alikuwa na semina. Ya nne, wapiga vyombo walihitaji kanisa kwa mazoezi. Hakuna aliyeifuta. Iliachwa tu. Akina bibi wakajaribu ibada ya kawaida, sasa bila mkalimani, wakakaa nyuma kwa sababu mbele palijaa spika mpya za kanisa. Mmoja akaacha kuja, kisha wa pili. Wawili walimfuata nabii wa ukumbini, maana yeye alikuwa na mtu wa kumtafsiria.

Rozalia alibaki nyumbani, katika chumba alichopanga nyuma ya nyumba ya Mama Kuruthumu, Mwislamu mwenyeji wa Ujiji aliyeolewa Mwanga. Nehemia akaenda kumtazama.

"Nilikuwa nakwenda kuangalia midomo tu," Rozalia alimwambia kwa Kiha. "Afadhali uje wewe unisimulie."

Akawa anakwenda. Kila Jumapili alasiri aliketi kwenye mkeka wa bibi, akamsimulia mahubiri tangu mwanzo, na Kuruthumu aliwaletea chai. Kisha kwaya ikampa kazi ya kushona sare za Pasaka. Akakosa Jumapili moja. Akakosa tano. Kila mara alijiambia, wiki ijayo.

Kabla ya hiyo wiki ijayo, Kuruthumu mwenyewe alifika sokoni.

"Fundi, bibi yenu ametutoka alfajiri. Waambie wenzako kanisani. Mwanawe tumeshampigia simu."

Nehemia aliacha nguo chini ya sindano, akaenda kwa Bariki. Mchungaji alifungua daftari la waumini, akafuata majina kwa kidole.

"Ana mwaka na miezi minne hajashiriki meza ya Bwana. Mzee, unaijua kanuni. Kanisa halimziki mtu aliyejitoa."

"Hakujitoa. Tulimtoa."

"Nikimzika yeye, familia za waliohamia kwa nabii zitaniuliza kwa nini wafu wao niliwakatalia. Na kanuni hiyo siyo yangu. Mliipitisha ninyi wazee."

Ilikuwa kweli. Waliipitisha ili kuwabana waliohama, na Nehemia, mzee wa kanisa, alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Siku ile hakumfikiria mtu yeyote. Alikuwa na njaa, alitaka kikao kiishe.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa wakiongozwa na Abeid, mume wa Kuruthumu. Alphonce, mtoto wa pekee wa marehemu, alifika na basi la mchana kutoka Kasulu, alikohamishiwa kikazi.

"Mchungaji yuko wapi?" aliuliza.

Abeid akamgeukia Nehemia. "Fundi, hapa wewe ndiye mtu wa kanisa. Sema neno, bibi apumzike."

Nehemia akasimama upande wa kichwani. Akafungua mdomo, akangoja. Ikamchukua muda kujua anangoja nini. Alikuwa anangoja mtu mwingine aseme sentensi ya kwanza. Miaka yote ile hakuwahi kuianza yeye. Alphonce alimkazia macho, kofia mkononi.

"Sema tu, fundi," Abeid alisema taratibu.

Akasema Baba Yetu. Ilimtoka kwa Kiswahili, lugha ambayo Rozalia hakuielewa, na alipofika "utusamehe makosa yetu" akakwama, hakuendelea. Majirani Waislamu wakaitikia amina. Koleo zikaanza kurudisha udongo.

Uzee wa kanisa aliuacha kwa kutohudhuria tu, na hakuna aliyekuja kumwuliza. Siku za Jumapili akawa anafungua kibanda chake cha kushonea sokoni.

Miezi kadhaa baadaye Bariki alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja. Vijana, alisema, walirudi kidogo, kisha wakaondoka tena. Ukumbi mwingine umefunguliwa kule Katonga, una vyombo bora kuliko vya kanisa. Jumapili iliyopita alihubiria watu ishirini na watatu. Ameomba uhamisho.

"Nilidhani nafanya sawa, Mzee."

"Najua."

"Ningefanyaje?"

Nehemia aliitafuta hata hasira ya kumjibu nayo, akaikosa. Alimkaribisha chai, Bariki akashukuru, akaaga.

Jumapili iliyofuata mteja alikuja kuchukua gauni, akauliza kwa nini fundi hafungi Jumapili kama Wakristo wengine. Nehemia akamwambia gauni bado halijawekwa kifungo kimoja, asubiri kidogo.