Udongo Uliokaangwa

Lori lilimshusha mgeni mbele ya kitalu alichokuja kukitembelea, na kabla hajafuta vumbi usoni alisikia mwanamke akifoka. Huyo ndiye Mama Miche, mwenye kitalu, ambaye hata kitini hukaa nusu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Miche yake ya misonobari ilikuwa imedumaa na kugeuka manjano. Isipopona kabla ya mvua, kitalu kingefungwa. Kwa hiyo alikuwa amepanda mlimani akaleta gunia la udongo wa chini ya misonobari mikongwe, wenye nyuzi nyeupe za kuvu zinazoshika mizizi na kuilisha. Lakini asubuhi hiyo, aliporudi kutoka kuteka maji, alimkuta wifi yake ameukaanga wote kwenye pipa.

"Wifi, huu udongo ulitaka kuula?"

"Si wewe uliyenifundisha kuuchoma ili magugu yafe?"

"Ule wa kawaida, wifi! Huu ulikuwa na viumbe hai. Umeniulia wafanyakazi wangu wote."

"Basi nisamehe. Sikujua umeajiri kuvu."

Mama Miche alicheka bila kutaka, huku tayari akikung'uta gunia. Haraka haraka haina baraka, lakini miche haijui methali. Akamkabidhi mgeni ndoo ya kumwagilia.

"Kidogokidogo, mgeni wetu. Na huyu asikaribie moto."

Lori lilikuwa linaendelea mlimani. Mama Miche alidandia nyuma na gunia tupu, akaondoka amesimama. Mgeni akabaki kitaluni, akiinamia mche wa kwanza.