Siku Wifi Alipobeba Mkoba Wangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakuwahi kunibebea kitu tangu aolewe kwetu. Tunapendana, lakini kwa kusemana: mimi namwambia ugali wake una mabonge, yeye ananiambia nimekosa mume kwa sababu ya mdomo. Kwa hiyo asubuhi ile kule Kigali, aliponipokea mkoba mlangoni mwa nyumba ya wageni na kusema, "Lete nikusaidie, dada," nilisimama nikamtazama. Dada? Mimi?

Chama chetu cha wakulima wa kahawa kilitutuma sisi wawili kutoka Maguu, tukajifunze wenzetu wanavyoosha na kuanika kahawa yao. Mafunzo yaliisha Ijumaa, basi la kurudi lilikuwa Jumapili alfajiri. Jumamosi ilikuwa yetu ya kutembea mji.

Mimi nilikuwa sitaki hata hiyo safari. Baba alikuwa ndiyo kwanza katoka hospitali Mbinga, mapafu yanamsumbua, kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Mama ndiye aliyenifukuza. "Nenda, baba yako ninaye mimi," alisema, jembe begani. "Ila usinikalie ndani ya gari huko. Tembea kwa miguu, uone vizuri, uje unisimulie. Nasikia na kwao ni milima mitupu. Niangalizie, nyumba zote hizo mlimani, maji ya mvua wanayapeleka wapi?" Mama alichimba ngoro maisha yake yote, yale mashimo tunayoyapanga mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Hakuna swali lingine ambalo angeuliza.

"Umeongea na nyumbani?" nilimwuliza wifi.

"Kaka yako amepiga alfajiri. Mzee anaendelea hivyo hivyo. Umekula? Kula kwanza."

Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Anaambiwa mgonjwa anaendelea, anawekewa mtu wa kumsindikiza, analishwa, mpaka afike uani aone watu mwenyewe. Kazi hiyo nimeifanya. Binti wa mama mdogo alipofiwa na mume, mimi ndiye niliyemfuata Songea, nikakaa naye kwenye basi mpaka Mbinga nikimmenyea karanga na kumchekesha. Namna ya kuifanya naijua vizuri mno.

Nikampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mara ya pili akapokea kaka.

"Mama yuko ndani, hawezi kuja kwenye simu," alisema. "Wewe uko na nani hapo?"

Jamani, uko na nani! Hilo ndilo swali lenyewe, na mimi pia niliwahi kumwuliza mtu.

"Niko na mkeo."

"Basi vizuri. Msiachane."

Nikajua. Baba amekufa, na mama hawezi kuongea kwa kulia. Sikumwuliza wifi. Ningeuliza angelazimika kusema, halafu ningefanya nini na msiba ugenini, na siku tatu za basi mbele yangu? Nikasema twende tukatembee.

Tukashuka kuelekea mjini. Kule magari yanapita upande wa kulia, kwa hiyo mtu wa kwetu akivuka barabara anatazama kule ambako gari halitoki. Wifi alinivuta mkono mara mbili. Mara ya pili pikipiki ilinipita karibu hadi upepo wake ukapeperusha kanga yangu.

"Unatazama wapi wewe?" alifoka, kisha akanywea. "Nisamehe, dada." Wifi aniombe msamaha mimi! Ningemzaba kofi ili anitukane kama siku zote.

Tulitembea mpaka Nyamirambo, ambako wengi wanajua Kiswahili. Mama mmoja muuza chai alitukaribisha, akauliza tumetoka wapi, akauliza kama wazazi hawajambo. Wifi aliwahi kujibu kabla sijafungua kinywa. "Hawajambo," akasema, akameza chai ya moto mpaka machozi yakamtoka.

Sokoni nilisimama kwenye masweta. Nikachagua moja la kijivu, zito. Wamvalishe hilo, niliwaza, huko chini kuna baridi.

"Mzee atalipenda," wifi alisema.

Loo, mwanamke huyu anajua kudanganya! "Mama nitamchukulia kanga Songea," nikasema. Wifi akageuka akashika nguo za watoto, akazishika muda mrefu.

Mchana mvua ikatukuta, mvua hasa, tukajibanza barazani mwa duka. Maji yakashuka mlimani yakipita mbele ya miguu yetu. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu na kuzungumza na baba kimoyomoyo. Nilimgombeza kwa kutonisubiri, nikamwomba radhi kwa yote niliyowahi kumjibu. Mvua ilipokatika nilikuwa nimeshamwaga machozi yangu yote, nimechoka kama aliyetoka kuzika. Siku nzima sikupiga picha hata moja.

Kwenye basi, siku zote tatu, wifi alinimenyea karanga. Kaka alitupokea Mbinga akiwa na gari la kukodi, macho mekundu, tukapanda hadi Maguu. Uani kulikuwa na turubai, wanawake wameketi chini kwenye mikeka. Nikatupa mkoba nikaanguka.

"Baba!" nililia. "Baba yangu, umeniacha, baba!"

Kilio cha wenzangu kikakatika ghafla. Nikainua uso. Mlango ukafunguka, baba akatoka ameshika fremu, akapumzika, akapiga hatua, akapumzika tena.

"Mwanangu," alisema, "mimi nipo."

Mama alikuwa ameanguka jikoni Jumamosi alfajiri, chai ya baba ikiwa motoni. Walikuwa wamemweka mochwari Mbinga wakinisubiri. Kesho yake tulimzika, na mimi machozi sikuwa nayo, niliyamaliza Kigali kwa mtu aliye hai. Wifi alilia kwa ajili yetu sote wawili.

Wiki moja baadaye baba alikuwa amekaa nje juani na sweta lake la kijivu. Aliniita nikae karibu.

"Mama yako alikuwa anakungoja," alisema. "Kila jioni ananiuliza mimi, utafikiri ni mimi niliyesafiri. Haya, niambie. Yale maji wanayapeleka wapi?"

Nilijaribu kukumbuka. Mvua ile naikumbuka, na baraza, na viatu vyangu, na maji yakipita hapo hapo mbele ya miguu.

"Sikuangalia, baba," nikasema.