Sura Inayolia Kwenye Simu ya Mama Mkwe

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mdomo wa kuwachekesha wateja hadi wakasahau kuuliza kwa nini nguo zao hazijaisha. Alipojifungua, mdomo ule ukafungwa. Mtoto alikuwa mzima, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Fundi alimnyonyesha, akambadilisha nepi, akamlaza, na moyoni asihisi kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Mama gani hampendi mwanawe? Akaona aibu kusema, akanyamaza.

Mkunga wa kliniki alikuwa amemwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi inauliza umeamkaje, nawe unagusa sura moja: inayocheka, iliyotulia, au inayolia. Ukigusa inayolia, mkunga anakupigia. Shida ni kwamba simu yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, maana ya Fundi ilitumbukia kwenye ndoo ya nepi. Na mama mkwe, mwanamke wa kulinda heshima ya nyumba yake kwa meno na kucha, kila asubuhi aligusa inayocheka. Watu wa kliniki waje kusema kwamba nyumbani kwake mkwe ananyanyaswa? Thubutu!

"Nimeshakujibia, mwanangu," alikuwa akisema, na Fundi hakuwa na nguvu ya kuuliza amejibu nini. Simu ya mkunga haikuja. Fundi akaamini kwamba hata huko kliniki hawana habari naye.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa ameshika simu, kidole tayari, akasikia mtoto analia bila kubembelezwa. Akaingia chumbani. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amempa mtoto mgongo, machozi yanamtiririka kimyakimya.

"Mwanangu, mtoto analia."

"Namsikia, mama. Mchukue wewe. Mimi sifai."

Mama mkwe akamchukua mtoto. Akamweka begani, akamnyooshea Fundi simu.

"Gusa mwenyewe. Mimi nilikuwa nawadanganya."

Fundi akagusa inayolia. Hata chai haijapoa, simu ikaita, wakaiweka spika ili wote wasikie.

"Huo ni ugonjwa, mdogo wangu, si roho mbaya," mkunga alisema. "Unawapata wengi wakishazaa, na unatibika. Njoo leo hii, nitakuwepo."

Fundi akalia kwa sauti sasa, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe kile kitu kina jina! Kumbe kina dawa! Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akahisi anaweza hata kulala.

Mama mkwe akaisogelea simu, mtoto begani.

"Samahani, nesi. Kwa mtu aliyezaa zamani, huwa unaisha wenyewe?"

"Ulizaa lini, mama?"

"Huyu niliyembeba ni mjukuu wangu. Niliyemzaa ni baba yake."

"Njooni wote wawili," mkunga akasema.

Fundi akapangusa macho, akamtazama mama mkwe wake, kisha akasogea kitandani ili naye apate pa kukaa.