Hadithi ya Mchana

Juzi nilipoanza kutazama kwenye simu filamu ya malkia anayekula mioyo ya watoto, ngano ya kutisha watu wazima, niliikumbuka filamu yangu ya kwanza, utotoni. Niliiona mchana, kwenye banda la video lililonuka jasho na karanga, mtafsiri akipaza sauti kuzidi mayowe ya sinema. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Peramiho.

Katikati ya filamu nilikumbuka onyo la Bibi: mtoto akisikiliza hadithi mchana, mama yake harudi nyumbani. Nilikimbia hadi jikoni kwake.

"Bibi, nimemuua mama!"

Aliponielewa hakucheka. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa kitenge, akawasha kibatari. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa.

"Haya, sasa ni usiku. Isimulie upya."

"Mwisho sijauona."

"Mwisho tunautunga. Mama mtu anarudi nyumbani."

Leo najua onyo lile lilikuwa la kutuzuia tusikwepe shamba, na Mama aliponywa na madaktari. Juzi hiyo alikuwa uani akichambua maharage, akaniuliza kupitia dirishani:

"Mbona umefunga pazia saa nane hii?"

"Jua linapiga kwenye kioo cha simu, mama."