Nilivyolitafutia Mchumba Jitu la Kijijini Kwetu

Nimesimamia harusi moja tu maishani mwangu, na ilivunjwa na mke wa bwana harusi.

Alitokea kona ya kanisa mchana kweupe, mbele ya waziri na bendi ya tarumbeta. Urefu wake mita nne kasoro kidogo, uso umepakwa rangi upya, shingo haigeuki.

Ngoja nikupe mkasa wote, usije ukadhani nilikuwa nimekunywa.

Naitwa Goedele. Kwetu ni Zwevekerke, kijiji cha Flandria, kaskazini mwa Ubelgiji, chenye kanisa moja na baa tatu, ila kwa ajili ya kazi nimeishi Den Haag, Uholanzi, mpaka nimeanza kuota kwa lafudhi yao. Kazi yenyewe ni kuitangaza Flandria kwa majirani. Ofisi yetu ina bendera ya simba na mashine nzuri ya kahawa. Dawati la utamaduni ni mimi peke yangu.

Mwaka ule waziri wetu wa Flandria alitangaza kwamba dawati moja la ofisi yetu litafungwa. Hakusema lipi.

Bosi wangu, Bwana Casteels, akaniita akanieleza kwa upole kuwa waziri atatutembelea majira ya kuchipua, na itapendeza akikuta kitu cha kumfurahisha. Aliposema "itapendeza" macho yake yalikuwa dirishani. Nikajua ajira yangu iko mahututi.

Nikakuna kichwa. Maonyesho ya picha tulishafanya, watu wakaja, wakala jibini, wakaondoka. Chokoleti kila mtu anauza. Mbio za baiskeli wanazo wenyewe.

Ndipo nikamkumbuka Tist.

Tist ni jitu la kijiji chetu. Ni tenga kubwa la fito lililovishwa joho, lina kichwa cha mbao chenye masharubu, na wanaume wanne huingia ndani wakalibeba na kulichezesha barabarani siku ya sikukuu ya kijiji. Lakini jitu la kwetu si mdoli. Linabatizwa, lina wazazi wa ubatizo, linaoa, na likizeeka watu wanalionea huruma. Ukimwita Tist mdoli mbele ya wabebaji wake, bia yako utainywa peke yako.

Sasa, ng'ambo ya mpaka, kwenye mji mdogo wa Sint-Janswaarde, Waholanzi walikuwa wamejitengenezea jitu lao la kwanza. Jitu la kike, muuza kome, anaitwa Pieternel. Wametuiga sisi, hilo halina ubishi, lakini walikuwa wanajivunia balaa.

Wazo likanijia nikiwa naoga. Tuwaozeshe.

Fikiria mwenyewe. Kijana wa Flandria, binti wa Uholanzi, waziri katikati anapiga makofi. Bosi alipolisikia hilo wazo alisimama kwenye kiti chake. Waziri akakubali kuja. Kilichobaki ni ridhaa ya kijiji tu, na mimi nikaiona hiyo ni kazi ya Jumapili moja.

Mkuu wa wabebaji ni mjomba wangu Odiel, fundi bomba mstaafu, mtu mpole wa maneno machache. Nikamkuta baa na wenzake. Nikatoa picha za Pieternel, nikaanza kueleza. Nikaeleza faida za kijiji, nikaeleza heshima ya Flandria, nikaeleza mpaka povu la bia zao likaisha. Hakuna aliyepinga. Mmoja akasema binti ana mabega mazuri. Mwingine akauliza kama barabara za huko zina vilima.

Mjomba alikuwa anazungusha glasi yake mezani.

"Tutaona, mpwa wangu," akasema.

"Lakini wazo umelipenda, mjomba?"

"Ni wazo la aina yake."

Mflandria yeyote anayesoma hapa keshaanza kucheka. Kwetu hakuna mtu wa kukwambia hapana usoni. Ukipika supu ikaharibika, utaambiwa supu kama hii hatujawahi kunywa. Na "tutaona" ni mlango uliofungwa taratibu ili usikuumize vidole. Mimi nilikuwa nimekaa sana na Waholanzi, watu ambao wakikataa wanakataa na sababu wanakupa bila kuombwa. Nikatoka baa natembea kwa madaha, nikampigia bosi kwamba kijiji kimeridhia.

Nilirudi tena mara kadhaa, nikaeleza zaidi. Wakazidi kuona.

Halafu nikapeleka posa. Mshenga ni mimi, mchumba ni jitu, na upande wa mwanamke niliyemkuta ni Bi Jacomina Minderhoud, mwenyekiti wa kamati yao, mwalimu mkuu mstaafu. Alinimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo. Ndivyo walivyo, wala sikununa.

Akauliza Tist ana uzito gani. Akauliza wabebaji wanakula nini na watalala wapi. Mwisho akavua miwani.

"Na kwa upande wa bwana harusi hakuna kizuizi?"

"Hakuna kabisa."

"Umewauliza?"

"Bi Jacomina, kule ni kwetu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Akanitazama kidogo. Akaomba namba ya simu ya mjomba, apange naye habari za usafiri. Nikampa, nikafurahi kupunguziwa kazi.

Siku ikafika. Jua limetoka, uwanja wa kanisa la Sint-Janswaarde umejaa, Pieternel amesimama katikati amefunikwa shela jeupe kuanzia utosini mpaka chini. Waziri, mama mmoja mrefu mwenye koti jekundu, ameketi mstari wa mbele. Bosi yuko pembeni yake anatabasamu kwa meno yote.

Tist akaingia anacheza, joho linapepea. Watu wakashangilia. Nikasema moyoni, Goedele, dawati hilo hawaligusi.

Kisha ngoma ya pili ikasikika nyuma ya kanisa.

Nikamtazama Tist. Ameshasimama. Ngoma inazidi kusogea. Nami sikuwa nimeagiza ngoma ya pili.

Ndipo akatokea huyo mwanamke wa mita nne. Gauni la kijani, kilemba cha maua, anakuja mdogo mdogo kwa sababu wabebaji wake walikuwa wageni wa kazi. Wanawake wa Zwevekerke waliokuja na basi wakaanza kupiga makofi na kumwita mke wa Tist, kwa jina. Melanie. Melanie.



Kumbe Melanie ni mke wa Tist, nami sikuwahi hata kumsikia. Alivunjika shingo kabla mimi sijazaliwa, wakamweka darini kwenye ukumbi wa kijiji, juu ya baa. Ndiyo maana kila sikukuu Tist akifika pale husimama na kuinama. Maisha yangu yote nilidhani anaisalimia baa.

Melanie akaja mpaka ubavuni mwa mumewe, akasimama, akamkabili bibi harusi. Mke mkubwa kaja kumwona mwenzake. 

Waziri akamwinamia bosi. "Huyu ni mama yake?"

Bosi akanigeukia. Tabasamu lilikuwa bado lipo ila mwenyewe alishaondoka. "Goedele. Bwana harusi ana mke?"

 Niliona dawati langu linabebwa kwenye lori. Niliona gazeti la kesho, Flandria yapeleka mume wa mtu kwa majirani. Na Waholanzi hawa hawasahau, watatucheka mpaka wajukuu.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri, ndugu zetu wa Sint-Janswaarde," nikasema. "Flandria haiji kwa jirani kutafuta mke. Inakuja na familia. Pieternel ni mgeni duniani, hajabatizwa bado. Leo hakuna harusi. Leo Tist anakuwa baba yake wa ubatizo, na Melanie mama yake."



Nikamtazama Bi Jacomina, nikisubiri anichane mbele za watu. Akainuka, akanyoosha sketi.

"Sawa," akasema. "Pipa lije."

Wabebaji wakaviringisha pipa la bia ya kijiji, lile nililodhani ni la sherehe, maana majitu ya kwetu hubatizwa kwa bia. Bi Jacomina akapanda ngazi nyuma ya Pieternel, akavuta shela. Chini yake binti amevaa gauni jeupe lenye utepe kifuani, kama mtoto mchanga kanisani. Jagi la bia likamiminwa utosini, bendi ikalipuka, na wale wazee wawili wa fito wakacheza kumzunguka mtoto wao. Waziri alifuta machozi kwa kitambaa cha shingo. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia bosi kwamba dawati hili libaki.

Bosi akanibana mkono. "Umefikiria wapi vile, kwa dakika moja?"

Nikainua mabega kama mtu aliyezoea. Moyoni nilijiona mimi ndiye mimi.

Raha hiyo ilidumu mpaka kwenye kahawa. Wanawake wa kijijini kwetu walikuwa wanapita na vikapu, wanagawa vifuko vya lozi za sukari, zile tunazogawa mtoto akizaliwa na kubatizwa. Vimefungwa utepe kimoja kimoja. Kila kifuko kimetariziwa jina, Pieternel, kwa uzi mwekundu.

Nikakigeuza changu mkononi. Hakuna binadamu anayetarizi hivyo kwa saa moja.

Nikamfuata Bi Jacomina. "Lozi hizi zimepangwa lini?"

"Siku ile ile uliyokuja kwangu nilimpigia mjomba wako. Nikamuuliza, Tist ameoa? Akasema ameoa. Nikamuuliza, sasa tufanyeje? Akasema kuposa hawezi, ila kubatiza anaweza." Akanywa kahawa. "Dakika mbili, dada. Alisema wewe atakwambia mwenyewe. Na leo umetangaza vizuri sana, nikajua alikwambia."

 Kijiji kizima kilijua. Waholanzi walijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye analipwa mshahara wa kuujua utamaduni wa Flandria.

Mjomba nilimkuta ameketi kwenye ngazi za kanisa, amemwegemea Melanie. Vidole vyake vina rangi ya kijani ya lile gauni mpaka kwenye kucha. Nikachungulia shingo ya Melanie chini ya kilemba. Bomba la maji machafu, jipya kabisa. Ndiyo maana haikugeuka.

Nikaketi. Nilikuwa na hasira, halafu zikaniishia.

"Mjomba, kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri muda mrefu.

"Kila ulipokuja ulikuwa unaeleza," akasema. "Ningekwambia hapana, ungepoteza kazi. Ningekwambia ndiyo, ningemkosea huyu. Basi nikaona nimtengeneze shingo."

Nikalia pale pale ngazini, sina aibu kusema. Mzee wa watu amelala chali darini majira yote ya baridi, anaunga bomba, ili mimi nisiseme uongo mbele ya waziri.

Dawati bado ninalo. Jumatatu bosi alitaka niwafundishe wenzangu mbinu ya kufikiri haraka, nikamwambia mbinu hiyo nilishonewa na wanawake wa Zwevekerke kwa uzi mwekundu. Alidhani natania.

Wewe uliyetumwa kuwasemea watu wenu huko nje, iwe kijiji, iwe nchi, iwe ukoo tu, sikia la mshenga aliyeumbuka. Kabla hujawasifia kwa majirani, rudi nyumbani uketi nao, uulize swali moja, halafu unyamaze mpaka wajibu. Watachelewa kujibu. Wasubiri.