Kadi tano za maduka zilivyonikosesha kadi moja ya benki

Wakubwa zangu humu shikamooni, wadogo zangu poleni na mihangaiko.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja yuko mji wa Reading. Analalamika kwamba ana kazi nzuri, bili analipa kwa wakati, lakini kila benki anayoomba credit card inamkataa. Wachangiaji wengine wakamwambia ni ubaguzi. Wengine wakamwambia aende akaombewe.

Kijana, usiende kuombewa kwanza. Hilo lilishanipata mimi hapa hapa London, na nitalisimulia lilivyo, bila kuongeza chumvi. Sukari kidogo itakuwepo maana najipenda.

Kwa wasionifahamu: mimi elimu yangu ni darasa la saba, Morogoro. Nilitua nchi hii katikati ya miaka ya tisini na begi moja na koti la kuazima. Nimefagia hospitali, nimepanga maboksi warehouse, nimeosha masufuria ya watu.

Leo nina kampuni yangu ya kukodisha viti, meza, mahema na masufuria ya shughuli. Ukienda harusi ya Waswahili kusini mwa London ukakaa kwenye kiti, jua kuna uwezekano mkubwa umekalia kiti changu. Wasomi pia wanavikalia, na havijawahi kulalamika.

Wazo nililipata kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu, Lewisham. Ukumbi mzuri, keki ya ghorofa, muziki juu. Lakini viti vilikuwa vya kuhesabu, watu wanakula pilau wamesimama kama farasi. Mama mmoja mjamzito amekalia kreti ya soda.

Wenzangu wakaona aibu, mimi nikaona biashara. Hiyo haifundishwi chuo.

Nikanunua viti vya zamani kutoka shule iliyokuwa inabadilisha fanicha, nikakodi garage nyuma ya flats zetu. Usafiri nilikuwa natumia van ya jirani yangu Mjamaika, Clive, kwa makubaliano ya kirafiki. Mambo yakaenda.

Sasa tuje kwenye kisa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikaamua kwenda nyumbani Krismasi na familia nzima. Mara ya kwanza tangu nije. Mnajua wenyewe mtu anayetoka London anavyotegemewa. Shangazi anataka koti ingawa Morogoro hakuna baridi. Binamu wametuma saizi za viatu mpaka za watoto ambao hawajazaliwa.

Basi mimi na Mama Neema, ndiye mke wangu, tukaingia madukani. Duka la kwanza, nimefika kwa cashier na mzigo, binti akaniuliza kwa tabasamu kama nataka store card ya duka lao, yaani kadi ya kuchukua sasa na kulipa baadaye, maana nikifungua leo napunguziwa asilimia kumi ya vyote nilivyobeba.

Nani anakataa punguzo, wakuu? Nikatoa jina, anuani, kazi. Dakika chache tu, approved.

Duka la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mama Neema akaulizwa na yeye kama anataka ya kwake, akasema asante hapana. Nikamwona mshamba. Nikamwambia mwenzako natengeneza hela kwa kutaja jina tu.

Mpaka tunapanda ndege nilikuwa na kadi tano mpya. Nilizitandaza mezani kwa kinyozi wetu kama mtu aliyeshinda karata. Nikawaambia vijana pale: nyie mnaogopa mifumo, mimi mifumo inanitambua.

Nyumbani tulipokelewa kama mawaziri. Hiyo nitaruka maana sio mada, ila mama yangu naye nilimpelekea koti, akalivaa kanisani na jua lile la Morogoro na hakulivua. Mungu amrehemu.

Nimerudi Januari, kila kadi nikailipa yote. Naomba hili mlishike: sikuwa na deni. Sikuchelewa hata mara moja.

Wiki hiyo hiyo Clive akaniambia ameuza van, anarudi kwao Jamaica kupumzika. Nikamtakia heri, kisha nikaanza kuhesabu siku.

Maana nilikuwa nimeshapokea kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mzee mmoja Mkongomani wa Bukavu, Papa Mulumba, alikuwa anamuoza binti yake Furaha, ukumbi uko Edmonton. Viti mia tatu, meza, masufuria makubwa, kila kitu. Nilishamshika mkono nikamwambia alale usingizi.

Na wenzetu Wakongo kwa harusi hawatanii. Ukifaulu pale, London yote inakujua. Ukivuruga pale, London yote inakujua pia.

Nikaenda kukodi van. Kijana wa kaunta akaniambia kwa ile kubwa ya aina ya Luton, deposit wanashikilia kwenye credit card tu, debit hawachukui, na jina la kwenye kadi liwe ndilo la kwenye leseni ya dereva.

Nikacheka kwa dharau. Nikachomoa kadi moja katika zile tano, nikaiweka juu ya kaunta kwa kishindo.

Akaigeuza, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hii inanunua suruali tu. Tena kwenye duka lao."

Nikajaribu ya pili. Hiyo ilikuwa ya viatu.

Haya. Nikavaa suti, nikaenda benki yangu ya miaka yote, inayoona mshahara wangu na hela za biashara zikiingia. Nikaomba credit card. Dada wa kaunta akajaza kwenye kompyuta, akasubiri, uso ukabadilika. Declined. Nikamuuliza kwa nini, akasema kompyuta haimwambii.

Hasira zikanipanda. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka benki ya jirani. Declined. Kesho yake nyingine. Declined. Wakuu, mimi ni mtu niliyezoea kusikia ndiyo.

Nikarudi kwa kinyozi, nikiwa mpole sasa. Pale kila mtu profesa. Mmoja akanishauri nizifunge zile store cards zote mara moja, benki itaniona msafi. Nikapiga simu nikazifunga zote tano, nikaomba benki ya nne.

Declined.

Nyumbani sikusema kitu. Lakini Mama Furaha, mama wa bibi harusi, alikuwa kwenye mchezo wa mke wangu. Mama Neema ndiye kijumbe, yaani ndiye anayekusanya hela za wanawake kila mwezi na kupanga nani anapokea lini. Kina mama wa Kitanzania na wa Kikongo, wote anawashika yeye, na hakuna shilingi iliyowahi kupotea. Wakongo wanauita likelemba, kitu ni kile kile.

Jioni moja anasonga ugali, akaniuliza bila kugeuka.

"Baba Neema, van ya harusi umepata?"

Nikamwambia iko kwenye process.

"Process ya nani? Mama Furaha kaniuliza mara ya pili leo. Ni mwanae anaolewa, sio mwanao."

Ikabidi niseme yote. Nikategemea atanicheka. Hakucheka. Akafunika ugali, akakaa.

"Unamkumbuka yule dada wa Peckham aliyetaka kupokea wa kwanza?"

Nikasema namkumbuka, walizozana hapo hapo sebuleni kwetu.

"Nilimnyima kwa sababu hana hela?"

"Hapana. Alikuwa na kazi mbili."

"Alikuwa na deni la mtu?"

"Hapana."

"Nilimnyima kwa nini sasa?"

Jibu nilikuwa nalijua. Yule dada alikuwa ameingia michezo mitatu mipya mwezi huo huo.

"Mtu anayeingia michezo mingi kwa mpigo," akaniambia, "labda ana shida anaificha, labda anataka apokee akimbie, labda ni mtu mzuri tu. Mimi sijui. Kwa hiyo namweka mkiani nimwangalie. Sasa wewe umeingia mitano. Tena kwa ajili ya suruali."



Asubuhi nikarudi kwa yule dada wa benki. Safari hii sikumuuliza kwa nini. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya akaunti mpya.

Akacheka kidogo, akapunguza sauti. Akanieleza kwamba benki yao ina kikomo cha akaunti mpya ambazo mtu amefungua miezi ya karibuni, popote alipozifungua. Ukivuka, kompyuta inakata yenyewe, haijalishi unalipa vizuri kiasi gani, na hata meneja haingilii. Kila benki na kikomo chake, na hawakibandiki ukutani.

Nikamwambia lakini nimezifunga. Akasema kufunga hakufuti tarehe ya kufungua. Na kila ombi nililopeleka baada ya pale limeacha alama, na benki inayofuata inaiona. Yaani nilikuwa nimekanyaga matope, halafu natembea nayo nyumba hadi nyumba naomba nikaribishwe.

Dawa yake? Kukaa kimya. Usifungue kitu, usiombe kitu, mpaka zile mpya zizeeke.

Sawa, lakini harusi haizeeki.

Hapo Mama Neema akaleta kadi yake. Alikuwa na credit card moja ya benki, ya miaka, anaitumia kununua mafuta ya gari na kuilipa. Na leseni anayo, na mtihani wa udereva aliufaulu mara ya kwanza. Mimi nilifaulu mara ya tatu, lakini ile mitihani ya kwanza ilikuwa na upendeleo.

Kadi yake, leseni yake. Maana yake dereva ni yeye.

Neema wetu, aliyezaliwa hapa, akatazama lile gari akasema, "Mum, can you even reverse that thing?" Yaani utaweza kweli kulirudisha nyuma? Mama yake akamwambia ashike usukani yeye kama anajua.

Tulitoka Lewisham alfajiri, tukapita Blackwall Tunnel, mimi niko kiti cha abiria nimekumbatia sufuria iliyokosa nafasi nyuma. Nilikanyaga breki isiyokuwepo mpaka mguu ukauma. Basi linatupita, mama hata hashtuki. Nikimwelekeza ananijibu, "Baba Neema, kadi ni ya nani?" Nikawa naangalia dirishani.

Kufika Edmonton, kiuchochoro cha ukumbi ni chembamba, ukuta huku, magari ya wageni kule. Akaingiza Luton kinyumenyume kwa mkupuo mmoja. Mmoja tu. Kina mama wa mchezo waliokuwa wanapika nje wakaacha miiko, vigelegele vikapigwa kabla ya bibi harusi kufika.

Papa Mulumba akatoka na suti yake, akanitazama nashuka na sufuria kifuani.

"Patron wa viti," akasema, "leo uko convoyeur wa bibi yako?" Bibi kwao ni mke, na convoyeur ndiye sisi tunamwita utingo.

Nikamjibu, "Papa, dereva wangu ana credit card. Wako anayo?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Viti vikapangwa, watu wakakaa, wakala, wakacheza. Hakuna aliyesimama siku ile isipokuwa kwa kupenda.

Baada ya hapo nikakaa kimya kama nilivyoambiwa. Karibu mwaka. Binti wa dukani akianza kutabasamu naacha mpaka chenji. Kazi zilipokuja, Mama Neema anakodi, Mama Neema anaendesha, mimi napakia. Mgongo wangu umejenga kampuni hii, nasema bila aibu.

Siku nilipoona muda unatosha, nikaomba benki moja tu, ile ile yangu. Dada yule yule. Akajaza, akasubiri. Approved.

Limit yenyewe ilikuwa ndogo, lakini nilitembea Lewisham High Street kama nimenunua soko lote.

Nikakimbia nyumbani kumwonyesha kijumbe wangu. Nikamwambia kuanzia leo van nakodi mwenyewe, yeye apumzike. Akasema sawa. Kabla sijakaa simu ikaita, mteja wa Kingsbury, Mhindi wa Dodoma, anataka viti vya harusi ya mwanae. Nikapokea mimi. Akasalimia vizuri, kisha akauliza kama yule mama anayerudisha gari nyuma yupo, maana alisifiwa yeye.

Nikampa simu.

Alipomaliza kupanga tarehe na bei, bei nzuri kuliko ambayo ningetaja mimi, akaichukua kadi yangu akasoma jina herufi kwa herufi. Akanirudishia.

"Hongera. Sasa usiiombee wenzake."

Van ya kwanza ya kampuni tuliinunua mwaka uliofuata, ubavuni imeandikwa majina yetu yote mawili, yale ya kwenye leseni. La kwake liko mbele, ni shauri la alfabeti, msinielewe vibaya.

Kwa hiyo wewe kijana wa Reading, nakuuliza: mwaka huu umefungua nini na nini? Simu ya mkataba, kadi ya duka la nguo, sofa ya kulipa kidogo kidogo, akaunti mpya kwa sababu walitoa zawadi? Vihesabu kabla hujalaumu rangi yako. Ubaguzi upo, mimi nimeuona kwa macho, lakini huo sio huu. Acha kuomba, lipa ulivyo navyo, subiri, halafu chagua benki moja.

Mimi sio mtu wa benki na sheria zao zinabadilika, aliye ndani ya mfumo anisahihishe kwa adabu. Mliowahi kukataliwa wekeni yenu hapa chini, tujue tuko wangapi. Na mliopitishwa mara ya kwanza pia karibuni, ila msije kuringa sana, nafasi hiyo humu imeshachukuliwa na mimi.