Mwarabu wa Chausiku

Mkataa kwao mtumwa, na Husseni alikuwa mtumwa wa kilemba chake. Mimi nilikuwa jirani yao hapa Bagamoyo, ukuta kwa ukuta, nayasema niliyoyaona. Baba yake alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, akafa mapema. Mama yake, Chausiku, alikuwa Mzigua wa huko nyuma ya Saadani, aliyenunuliwa akiwa kigori akafanywa suria. Kwa sheria yetu mtoto wa suria hufuata kabila la baba, na hakuna aliyempinga. Lakini Husseni alikuwa mweusi kuliko mimi, na Kiarabu chake kiliishia kwenye Fatiha. Hofu ilimtafuna. Akataka watu wasahau tumbo lililomzaa.

Alimfundisha mama yake kumwamkia shikamoo mbele ya wageni, naye anaitika marahaba bila haya, kisha anamrudisha jikoni. Nikamwambia Chausiku mtoto huyu ataikosa radhi. Alinicheka.

"Shoga, mwanangu Mwarabu. Wanaochapwa ni sisi. Yeye nani atamgusa?"

Wadachi, hao Wajerumani, walipoushika mji baada ya vita vya pwani, waliwakamata wanaume wa mtaa wetu wakawapanga mistari miwili uwanjani: Waarabu huku, wenyeji kule. Wenyeji wakabebe mawe. Waarabu, walioitwa wachochezi wa vita, wakanyongwe. Mstari wa tatu haukuwapo.

Husseni alikuwa amekwisha kuvua joho na kilemba, kajifunga shuka, kajipenyeza mstari wa wenyeji, katikati ya wachukuzi wa mji.

"Mimi Mzigua," alisema.

Wachukuzi walicheka. "Tangu lini, bwana? Juzi si ulitutemea mate?"

Afisa wa Kidachi, mkalimani wake kando, alimtazama ngozi, akawatazama wanaocheka, akashindwa kuamua. Hapo ndipo Chausiku alipotokea, anahema, katoka shamba mbio baada ya kusikia mwanawe kakamatwa.

"Mama!" Husseni alilia. Sikuwa nimepata kumsikia akilitamka neno hilo. "Waambie, mama!"

Maskini, hakujua mistari ile ina maana gani. Aliona tu mwanawe kasimama na wachukuzi, na askari mwenye kiboko nyuma yao. Akapiga magoti mbele ya afisa.

"Mmekosea, bwana mkubwa. Huyu si mtu wa kuchapwa. Ni Mwarabu, baba Mwarabu, mama Mwarabu. Mimi mjakazi wake tu, ananiita mama kwa kunihurumia. Wallahi!"

Nilipiga kelele kwamba anasema uongo. Askari alinisukuma kwa kitako cha bunduki, na Husseni akavutwa mstari wa Waarabu huku Chausiku akimtazama kwa furaha.

Asubuhi walimnyonga. Chausiku alikwenda kambini na sanda mkononi, akaomba maiti ya mwanawe. Mkalimani alimkumbuka.

"Jana uliapa kuwa wewe ni mjakazi," alimwambia. "Maiti hupewa ndugu zake."

Husseni akafukiwa shimo moja pamoja na wenzake walionyongwa, bila kuoshwa.